Sungura anapindua bakuli la maji? Soma hapa kabla hujamgombeza mtoto

Mama mmoja wa Mpwapwa mjini ameniletea ujumbe mrefu kwenye simu. Mwanawe, anayesoma darasa la nne, aliletewa sungura jike na mjomba wake wakati wa likizo ya Juni. Mtoto amempenda mno. Shida ni moja: kila asubuhi kopo la maji linakutwa limepinduliwa, banda limelowa na pumba zimetapakaa kila kona.

Nyumba hiyo hununua maji kwa dumu. Mtoto ameshachapwa mara mbili akiambiwa ni mzembe, na baba mtu ametoa kauli kwamba mwezi ukiisha sungura ataingia kwenye sufuria. Mama anauliza kama mnyama huyu ana wazimu, au ni mtoto ndiye hajui kumtunza.

Mama yangu, sungura wenu hana wazimu na mwanao hana kosa. Sungura halii kama mbuzi mwenye njaa wala habweki kama mbwa aliyeona mgeni. Ni mnyama wa kuwindwa, na mnyama wa namna hiyo amezaliwa kuficha udhaifu wake, kwa sababu porini anayeonekana mgonjwa ndiye anayekamatwa kwanza. Kwa hiyo akiwa na shida, usitegemee kuiona usoni mwake. Utaiona kwanza kwenye bakuli la chakula na chombo cha maji.

Leo tuyapitie mambo yanayowashangaza wazazi wengi: lipi ni tabia yake tu, lipi ni malalamiko, na lipi ni hatari ya kumpeleka kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

Huyu siye sungura wa hadithi

Watoto wetu wamekua na hadithi ya sungura mjanja, yule aliyekataa kuchimba kisima wakati wa ukame kisha akawa anakuja kuiba maji ya wenzake. Yule wa hadithi ni sungura wa porini, anayeishi juu ya ardhi na kujificha kwenye nyasi. Huyu wa bandani ni ndugu yake wa mbali. Asili yake ni Hispania na Ureno, ambako mababu zake waliishi kwa makundi kwenye mashimo waliyochimba wenyewe.

Ukilijua hilo, nusu ya maswali yako yamejibiwa. Mnyama aliyeumbwa kuchimba, ukimfungia kwenye banda la mbao atachimba kile alichonacho: nyasi za kulalia, pumba na bakuli. Tena ameumbwa kula kidogo kidogo, zaidi ya mara 30 kwa siku, hasa jioni, usiku na alfajiri. Ukimwekea chakula mara moja asubuhi ukaondoka, anabaki na saa nyingi za kukaa bure. Wewe umelala, yeye ndiyo kwanza ameamka. Ndiyo maana vurugu zote hukutwa asubuhi.

Kwa nini analipindua

Kuna sababu nne za kawaida, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza, chombo ni chepesi. Makopo ya maziwa ya unga na visahani vya plastiki ndivyo vinavyotumika majumbani mwetu. Sungura hukamata ukingo kwa meno ya mbele, akainua, kikaanguka. Huenda hakukusudia kumwaga maji. Alikuwa anakisogeza tu kimpishe njia.

Ya pili, chombo ni kitupu. Mtoto alikijaza asubuhi kabla ya kwenda shule, jua limepiga, maji yameisha saa nane mchana. Kuanzia hapo sungura anakigonga na kukirusha. Hapa swali la kujiuliza ni hili: anapindua chombo chenye maji au kilichokauka? Ukikuta kopo limelala na sakafu chini yake ni kavu, hukuletewa fujo. Umeletewa taarifa ya kiu.

Ya tatu, amejifunza kwamba akigonga watu huja. Sungura ni mwepesi wa kuunganisha mambo. Kama jana alirusha bakuli na mtoto akaja mbio na majani ya viazi, leo atarusha tena. Dawa yake ni kumlisha kwa saa ileile kila siku. Akigonga katikati, mtoto akague kama maji yapo. Yakiwapo, asimpe kitu pale pale. Asubiri anyamaze kwanza.

Ya nne, hana cha kutafuna. Meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Ya mbele hukua milimita 2 hivi kwa wiki, yaani karibu sentimita moja kwa mwezi. Kinachoyapunguza ni kusaga nyasi kutwa kucha. Sungura anayelishwa pumba tupu hushiba haraka huku meno yakikosa kazi, hivyo anahamia kwenye ukingo wa bakuli, waya na mbao za banda. Mwekee nyasi muda wote, na mtupie kijiti cha mpera au cha mforosadi.

Hesabu ya dumu moja

Sasa tuongee habari ya maji, maana ndiyo iliyoleta ugomvi nyumbani kwa mama huyu. Sisi wa kanda ya kati tuna msimu mmoja wa mvua, na kuanzia Mei hadi Novemba kila tone lina hesabu yake. Anayemlaumu mtoto kwa maji yaliyomwagika anaijua thamani ya maji. Ila tupige hesabu pamoja.

Sungura mkubwa hunywa kati ya mililita 50 na 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wa kilo mbili, basi, hunywa kati ya mililita 100 na 300. Siku ya joto kali au akiwa anakula vyakula vikavu, huzidisha. Tuseme unampa chupa moja ya nusu lita kwa siku, ile ya maji ya dukani, ili abaki na akiba. Dumu la lita 20 lina chupa 40 za namna hiyo. Dumu moja linamtosha sungura mmoja siku 40.

Ukiona dumu linaisha kwa wiki moja kwa ajili ya sungura, anayekula hela yako ni kopo jepesi. Mnyama mwenyewe hanywi hata robo yake.

Basi badilisha chombo. Kilicho bora kwa mazingira yetu ni bakuli zito la udongo, fupi na pana chini. Akina mama wafinyanzi wanaouza vyungu wanaweza kukutengenezea dogo la saizi hiyo. Udongo una faida mbili. Sungura hawezi kuuinua kwa urahisi, na maji ndani yake hubaki baridi mchana, kama yale ya mtungini.

Kama udongo haupatikani, kopo lililopo lifungwe kwa waya kwenye ubavu wa banda, ukingo wake ukifika usawa wa kidevu cha mnyama. Kingo zenye makali zikunjwe kwanza, zisimkate ulimi. Wengine hupanga matofali manne kuzunguka bakuli. Nayo ni njia nzuri.

Wapo wanaonunua chupa za kuning'iniza zenye mpira au kijipira cha chuma mdomoni. Hazimwagi maji ovyo, lakini sungura hunywa polepole kwenye chupa kuliko kwenye bakuli, na kijipira kikikwama chupa huonekana imejaa huku mnyama anakufa kiu. Ukiitumia, mtoto aiguse kwa kidole kila asubuhi na jioni aone kama inatoa tone.

Maji yanayobaki jioni yasimwagwe njiani. Yapelekwe kwenye tuta la mchicha pamoja na kinyesi cha banda. Hapo hakuna kilichopotea.

Akiyakataa maji

Sehemu nyingi za Dodoma maji ya visima yana chumvichumvi. Sungura aliyezoea maji ya bomba au ya mvua, siku akiwekewa ya kisima anaweza kunusa, kuweka mguu ndani, kisha kugeuka. Watu husema anadeka. Kumbe ladha imebadilika. Maji yenye harufu kali ya dawa, au yaliyokaa kwenye chombo chenye utelezi, nayo huyakataa.

Changanya maji mapya na aliyoyazoea kwa siku kadhaa, ukiongeza mapya kidogo kidogo. Bakuli lisuguliwe kila siku kwa brashi au kitambaa chake chenyewe, si kile cha vyombo vya familia.

Kukataa maji si jambo la kupuuza. Sungura asiyekunywa huacha kula, kwa kuwa nyasi kavu haziendi tumboni bila maji. Na sungura aliyeacha kula, kama utakavyosoma mbele, ana muda mfupi.

Kwa upande wa pili, akianza ghafla kunywa kuliko kawaida, tafuta sababu kabla ya kuogopa. Je, joto limepanda? Je, umempunguzia majani mabichi? Je, ni jike mwenye watoto? Jike anayenyonyesha anaweza kunywa lita nzima na zaidi kwa siku, na kiu ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumfanya ale watoto wake mara tu baada ya kuzaa. Mimba yake huchukua siku 31 hivi. Ukiona anabeba nyasi mdomoni na kunyonyoa manyoya ya kifua, mwongezee maji kabla ya kitu kingine chochote. Kama hakuna lolote kati ya hayo na bado anakunywa mno kwa siku mbili tatu, mtaalamu amwone.

Kuchakura pumba na kuzitawanya

Mara nyingi anachagua. Ukimchanganyia pumba, mashudu ya alizeti na punje za mahindi, atachimba hadi apate punje, aziache pumba sakafuni. Ni kama mtoto anayeokota nyama kwenye mchuzi na kuacha mboga. Usimwongezee kingine kabla hajamaliza. Zaidi ya hapo, jiulize kama unampa vingi mno. Chakula chake kikubwa ni nyasi. Pumba na mashudu ni nyongeza tu, kiasi cha kiganja cha mtoto kwa siku kwa sungura mkubwa.

Lakini kuna kuchakura kwa namna nyingine, na hapa naomba usome taratibu. Sungura anayenusa chakula, akakirushia nje chote na kukaa mbali nacho, huenda anakikataa kwa sababu kimeharibika. Pumba zilizolowa maji zikakaa chini ya bakuli siku mbili tatu huota ukungu. Ukungu huo unaweza kutengeneza sumukuvu.

Sisi wa Dodoma tunalijua neno hilo kwa uchungu. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Wengi wetu tulijifunza kuyatenga mahindi mabovu, ila tukabaki na ile kasumba kwamba yanayotengwa wapewe mifugo. Sungura ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa upesi zaidi na sumu hiyo. Kisichofaa kwa ugali hakimfai na yeye. Mwaga pumba za jana, sugua bakuli, likauke juani ndipo uweke mpya.

Kwenye majani nako kuna ya kuchunga. Matembele, majani ya karanga, mchicha na nyasi za kawaida anakula vizuri, yakiwa yamenyauka kidogo na hayana umande. Usimpe majani ya nyanya, ya viazi mviringo, ya parachichi wala ya muhogo mbichi. Lusina asipewe kama chakula cha kila siku.

Wakati huu wa kiangazi majani mabichi ni ya shida, kwa hiyo mzazi anayeona mbali huvuna mabua ya karanga baada ya mavuno na nyasi mwishoni mwa mvua, akavianika kivulini na kuviweka mahali pakavu. Kiroba kimoja kilichokauka vizuri kitakupa usingizi Oktoba nzima.

Kusugua kidevu, kunguruma na kung'ata

Ukimwekea bakuli jipya, sungura hulisogelea na kulisugua kwa kidevu mara kadhaa. Hawashwi. Chini ya kidevu ana tezi zenye harufu ambayo sisi hatuisikii, na kwa kusugua anaandika jina lake: hiki ni changu. Ukikisugua chombo kwa sabuni kali kila siku, kila siku ataanza upya.

Kuna wanaonguruma na kurukia mkono unaoingiza chakula, hasa majike waliopevuka na wenye mimba. Hana chuki na mtoto. Banda ndilo shimo lake, na mkono unaoingia ghafla ni mvamizi. Mtoto azungumze kwanza ili asikike, aingize mkono kwa ubavuni, na ikiwezekana bakuli litolewe na kurudishwa wakati mnyama yuko nje ya banda.

Jambo jingine linalowaumiza watoto ni vidole. Macho ya sungura yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, lakini kile kilicho mbele kabisa ya pua yake hakioni. Chakula anakitafuta kwa kunusa na kwa kugusa kwa midomo na ndevu zake. Ndiyo maana unamwekea kipande cha karoti puani, anahangaika kama kipofu. Na ndiyo maana kidole kilichopenyezwa kwenye waya huchukuliwa kuwa karoti. Mfundishe mtoto kuweka chakula kwenye bakuli au juu ya kiganja kilichonyooka. Vidole visipite kwenye waya.

Choo kwenye bakuli, na kula choo

Wazazi wengi hulichukia hili. Sungura hupenda kujisaidia huku anakula, hivyo golori zake ngumu huangukia kwenye bakuli lililo chini. Tabia hiyo huiondoi, lakini unaweza kuitumia: weka nyasi zake kwenye kona ileile anayojisaidia, zikiwa zimening'inizwa juu, na bakuli la pumba na la maji viwe upande wa pili, vimeinuliwa kidogo kutoka sakafuni.

Usafi huo si wa mapambo tu. Kwenye kinyesi kuna vijidudu vya koksidia, ambavyo hurudi tumboni kupitia chakula na maji machafu na kuua sungura wachanga kwa kuhara. Banda lililolowa huvipa nguvu. Kwa hiyo kopo linalomwaga maji kila usiku ni njia ya ugonjwa pia.

Halafu kuna lile la kula choo. Pamoja na golori ngumu, sungura hutoa kinyesi kingine laini, kinachong'aa, kimeshikana kama kishada kidogo cha zabibu. Mara nyingi hukitoa usiku au alfajiri, na hukila moja kwa moja kutoka kwenye tundu la choo. Usimkemee. Nyasi hupita mara ya kwanza, zikachachuka kwenye sehemu kubwa ya utumbo wake, na virutubisho vilivyotengenezwa humo anavipata kwa kuvila mara ya pili. Ng'ombe hucheua, sungura hufanya hivi. Ukianza kuvikuta vishada hivyo vimeachwa bandani kila asubuhi, pengine unampa pumba nyingi mno, au amenenepa hafiki, au anaumwa mgongo au meno.

Joto la Oktoba

Sungura hatoi jasho kama sisi. Joto hulitolea kwenye masikio yake makubwa. Likipita nyuzi 30 anaanza kuteseka, na banda la bati lisilo na kivuli hupita hapo mapema sana. Utamwona amejinyoosha, ameweka kidevu au miguu ya mbele kwenye bakuli la maji, anahema haraka. Wengine huingia kabisa kwenye bakuli.

Hamisha banda chini ya mwarobaini au mwembe. Badilisha maji mchana. Mpanguse masikio kwa kitambaa chenye maji ya baridi ya kawaida. Usimtumbukize kwenye beseni, mshtuko huo unaweza kumuua. Majike wanene wenye mkunjo wa ngozi chini ya kidevu wakilowa kila mara hupata vidonda hapo, kwa hiyo mkague na kumkausha.

Nusu siku bila kula

Haya yote ni ya kurekebisha taratibu. Lifuatalo halina subira.

Utumbo wa sungura unatakiwa kusogea muda wote. Ukisimama, gesi hujaa, maumivu humzuia kula, na kutokula huzidi kuusimamisha. Wala hawezi kutapika. Mtu mzima anaweza kulala na njaa akaamka salama. Sungura aliyepitisha nusu siku hajala wala kutoa choo yuko hatarini, na siku nzima inaweza kuwa imechelewa.

Dalili ni hizi: bakuli liko vilevile kama lilivyowekwa, golori hazipo au zimekuwa ndogo kama punje za mtama, amejikunyata konani, anasaga meno kwa sauti, tumbo limekaza kama ngoma, au mate yanalowesha kidevu. Mate mara nyingi ni habari ya meno. Anakuja kwenye bakuli, anataka kula, anaokota na kudondosha.

Ukiziona, mpigie ofisa mifugo wa kata au daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mpwapwa tuna bahati ambayo wilaya nyingi hazina. Kazi ya mifugo ilianza hapa tangu mwaka 1905, enzi za Wajerumani, na mji huu umelipa jina lake kabila zima la ng'ombe. Leo kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI) na chuo cha mifugo cha LITA. Mji wenye wataalamu wa mifugo si mji wa kukaa kimya kwa sababu aliyeugua ni sungura tu. Uliza.

Na tafadhali sana, usimpe dawa za nyumbani kwako. Vidonge vya amoksilini na jamii ya penisilini vikipitishwa mdomoni huua vijidudu vyema vya utumbo wa sungura, na mara nyingi mnyama hufa kwa dawa kuliko kwa ugonjwa. Usimlaze chali kumnywesha maji kwa nguvu, yataingia kwenye mapafu. Muweke kivulini, mwekee maji na majani laini karibu na mdomo, mpeleke kwa mtaalamu.

Kazi ya mtoto, na kazi yako

Mtoto wa miaka tisa au kumi anaweza kujaza maji, kusugua bakuli, kutafuta majani na kuhesabu. Mpe daftari. Asubuhi na jioni aandike mambo matatu: maji yamepungua kiasi gani, nyasi zimeliwa, choo kipo. Dakika mbili tu. Baada ya wiki mbili atamjua mnyama wake kuliko mtu yeyote hapo nyumbani, na atakuwa wa kwanza kusema, mama, leo hajala. Akimaliza anawe mikono kwa sabuni.

Lakini asibebeshwe kazi ya mtu mzima. Kuamua chombo gani kinunuliwe, banda likae wapi, mtaalamu aitwe lini, hayo ni yako na ya baba yake. Kumchapa mtoto kwa sababu kopo jepesi limeanguka usiku, yeye akiwa amelala, kunamfundisha jambo moja: siku akigundua sungura ana shida, anyamaze. Na mkimya huyo ndiye atakayewaletea mnyama aliyekufa.

Neno la mwisho ni la baba. Kaka yangu, sikukatazi kufuga sungura wa kitoweo. Nyama yake ni nzuri na familia nyingi zinafuga kwa ajili hiyo. Ila mwanao hakuambiwa hivyo. Alipewa rafiki, akampa jina, akajifunza kuamka mapema kwa ajili yake. Kama mnataka wa kitoweo, fugeni wengine, na mtoto ajue tangu siku ya kwanza yupi ni wa mezani na yupi ni wa kwake. Neno la mzazi likivunjika kwenye jambo dogo, mtoto huacha kuliamini kwenye makubwa.

Kesho Jumapili ukipata nafasi, nendeni wote watatu sokoni mkachague bakuli la udongo. Alibebe mtoto mwenyewe hadi nyumbani, alijaze maji, aliweke konani. Kisha mkae kimya jioni mtazame. Kitu cha kwanza atakachofanya sungura ni kulisugua kwa kidevu.